Samaki wa Kigombe, upepo wa jua, na swali la mzee mmoja

Leo siandiki siasa. Siandiki bei ya petroli wala nani kahamia chama gani. Nataka kuandika juu ya swali nililoulizwa kwenye soko la samaki la Deep Sea, pale Tanga mjini, ambalo nilishindwa kulijibu papo hapo.

Nilikwenda kufuatilia habari ya nyavu. Kando ya mtumbwi mmoja alikuwa amekaa mzee akishona jarife lake. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa mchangani. Mazungumzo yakazunguka mpaka yakafika kwa silikanti. Mzee akasema aliwahi kumwona kwa macho yake, miaka ile ya 2004 na 2005 walipokuwa wakinaswa kwa wingi.

"Mwili mzito, magamba kama msasa, mapezi kama mikono ya mtoto," akaniambia. "Na ukimla tumbo linaendesha."

Kisha akaweka sindano chini. "Sasa mwanangu, Wazungu na Wajapani wanakuja mbio kwa ajili yake. Sisi tunaambiwa tusitege jarife. Hebu niambie wewe uliyesoma: huyu samaki ana faida gani?"

Nikababaika. Nikamjibu kwamba ni samaki wa kale sana. Akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi ni wa kale. Mbona hakuna anayenikimbilia?"

Basi makala hii ni jibu langu kwa mzee yule. Limechelewa, lakini bora limefika.

Tuanze na neno lenyewe, faida. Sisi watu wa Tanga tunaijua vizuri sayansi yenye faida, tena tumeijua mapema. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane dunia nzima, yakaleta reli, bandari, manamba na jasho lao. Mwaka 1902 Wajerumani hao hao wakajenga kituo cha utafiti Amani, kule juu Usambara Mashariki. Walitaka kujua zao gani litawapa fedha: kahawa, mpira, mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za baharini, vidonge vya kwinini kwa ajili ya askari wao vilitengenezwa kule kule Amani.

Hiyo ni sayansi inayoanza na mfuko: nataka kitu fulani, nitafutieni namna ya kukipata.

Lakini iko sayansi nyingine, inayoitwa sayansi ya msingi. Hii huuliza kwa sababu inataka kujua, kabla haijajua itauza nini. Jua linatoa nini zaidi ya mwanga? Mkono wa binadamu ulitoka wapi? Ukiuliza maswali ya namna hii kijiweni utaambiwa umeshiba. Ajabu ni kwamba maswali yote mawili yametafutiwa majibu hapa hapa kwenye pwani yetu ya Waswahili, moja angani na jingine baharini. Niruhusuni nianze na la angani, maana ndilo litakalotusaidia kumwelewa samaki.

Mwaka 1958 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Parker, aliandika jambo ambalo wenzake waliliona ni upuuzi. Alisema gesi ya joto kali inayolizunguka jua haiwezi kutulia mahali pamoja. Lazima itiririke kwenda nje, pande zote, bila kukoma. Akaiita upepo wa jua. Si upepo huu wa kusi na kaskazi unaojaza tanga la jahazi. Ni chembe ndogo mno zenye umeme, protoni na elektroni, zinazokwenda kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Tanga ukafika Dar es Salaam kabla hujamaliza kusema "bismillahi". Hata hivyo, kutoka kwenye jua hadi kwetu upepo huo huchukua kama siku nne, maana safari yenyewe ni kilomita milioni 150.

Wataalamu wawili waliopewa makala ya Parker waikague walishauri isichapishwe. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakulipenda wazo lile, lakini alipoona hesabu hazina kosa akaichapisha. Mwaka uliofuata vyombo vya Warusi vikaanza kuzipata chembe zile angani, na mwaka 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kikiwa njiani kwenda sayari ya Zuhura, kikamaliza ubishi. Upepo upo, na hauachi kuvuma.

Sasa njoo pwani. Kule Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio waliweka majini jukwaa la kurushia roketi, wakaliita San Marco. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti zilipaa kutoka baharini pale. Mashuhuri ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mimi nataka uikumbuke nyingine isiyotajwa sana, Explorer 45, iliyorushwa pale tarehe 15 Novemba 1971. Hiyo ilizunguka juu ya ikweta hadi mwaka 1974 ikipima kinachotokea upepo wa jua unapoipiga dunia yetu kwa nguvu. Dunia ina usumaku, ndiyo maana sindano ya dira ya nahodha huelekea kaskazini. Usumaku huo unatuzunguka kama ngao, na chembe nyingi za jua hukwepeshwa zikapita pembeni. Lakini jua likichafuka, ngao hutikisika, na mkondo mkubwa wa umeme hujijenga angani kuizunguka dunia juu ya ikweta. Huo ndio Explorer 45 ilikwenda kuupima.

Mwaka 1971 ungemuuliza mvuvi wa Ngomeni hayo yana faida gani, angekujibu kama mzee wangu wa Deep Sea. Na kwa wakati ule angekuwa na haki. Tarehe 13 Machi 1989 jibu likaja lenyewe. Dhoruba ya jua iliangusha gridi ya umeme ya jimbo la Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9. Mei 2024 dhoruba nyingine kubwa ilivuruga mawimbi ya setilaiti, na huko Marekani matrekta yanayojiongoza kwa GPS yakapoteza mistari yake katikati ya msimu wa kupanda. Sisi tulio karibu na ikweta tuna shida yetu ya ziada: mara nyingi baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga lenye umeme huchafuka, na mawimbi ya setilaiti huyumba yanapolipita. Nahodha anayeutafuta mwamba wake usiku kwa GPS anautegemea utafiti wa watu ambao hawakuwa wakiifikiria GPS hata kidogo.

Upepo huo unagusa hata uhai wenyewe. Sayari ya Mirihi haina ngao ya sumaku inayoizunguka yote kama yetu. Chombo kinachoitwa MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kimeonyesha kwamba hewa nyingi ya Mirihi imeporwa na jua na upepo wake kwa mamilioni ya miaka. Hapa kwetu hewa ilibaki. Na kwa kuwa ilibaki, zamani sana samaki fulani waliweza kutoa vichwa majini na kuivuta. Hapo ndipo tunapomkuta ndugu yetu silikanti.

Silikanti alijulikana kwanza akiwa jiwe. Wataalamu wa karne ya 19 walikuwa wakiokota mabaki ya samaki hao kwenye miamba, wakaamini kwamba wote walikwisha pamoja na wale mijusi wakubwa, dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Halafu tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iliyoitwa Nerine ilitia nanga East London, Afrika Kusini. Msichana aliyesimamia jumba la makumbusho la mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, akaona katikati ya rundo la samaki pezi la buluu asiloweza kulitambua. Akamchora, akampelekea mchoro mwalimu wa chuo, J.L.B. Smith. Smith alipouona hakuamini macho yake. Ni kama mtu akuambie amekutana na dinosaria Barabara ya Ngamiani.

Smith alitafuta samaki wa pili kwa miaka 14. Alisambaza vipeperushi vyenye picha ya samaki kwenye pwani ya Afrika Mashariki, akiahidi zawadi ya pauni 100. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzuani, Komoro, mvuvi Ahmadi Abdallah akampata mmoja kwa mshipi. Smith akapewa ndege ya jeshi na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini ili akamchukue. Lakini hapa pana jambo ambalo vitabu hulipita haraka: Wakomoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote. Walimwita gombesa, na hawakumpenda sana mezani. Dunia ilisema "amegunduliwa". Wavuvi walishangaa tu kwamba kuna mtu yuko tayari kumlipia fedha nyingi hivyo.

Mwaka 2001 akanaswa mmoja karibu na Malindi, pwani ile ile zilikorushwa setilaiti. Septemba 2003 akapatikana mwingine Songo Mnara, Kilwa. Na kuanzia mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Kigombe, Mwarongo na vijiji vya jirani, wavuvi walianza kuwavuta silikanti ndani ya majarife, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika makumi. Hakuna mahali Afrika Bara palipowahi kutoa wengi kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Watafiti walieleza kwamba nyavu za papa zilikuwa zimeanza kutegwa kwenye vina virefu zaidi, kwenye miteremko yenye mapango ambamo silikanti hujificha mchana.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ikishirikiana na Wajapani wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, ikakusanya miili hiyo. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kutoka maeneo ya mji wa Tanga kushuka kusini kuelekea Pangani.

Je, walijifunza nini? Twende polepole, maana hapa ndipo lilipo jibu la mzee.

Kwanza, mwaka 2011 vinasaba vilionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake. Hawakutoka Komoro juzi wakapotea njia. Walikwishaachana na wenzao miaka kama 200,000 iliyopita. Magofu ya Tongoni tunayoyaita ya kale hayana hata miaka 1,000. Hawa ni wenyeji kuliko sisi sote.

Pili, lile pezi. Mzee aliposema ni kama mikono ya mtoto hakukosea. Ndani ya pezi la silikanti mna mfupa mmoja unaoshika bega, kisha mingine inafuata, kwa mpango unaofanana na wa mkono wako. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha vinasaba vyote vya silikanti, karibu herufi bilioni 3, kiasi kinachokaribiana na vya binadamu. Wakachukua kipande cha vinasaba hivyo, kile kinachofanya kazi kama swichi, wakakitia ndani ya kijusi cha panya. Swichi ya samaki ikawaka mahali panapoota miguu ya panya! Maana yake ni kwamba sehemu ya maagizo ya kujenga mkono ilikuwepo tayari ndani ya samaki, kabla mkono wenyewe haujakuwepo.

Utafiti huo huo ulirekebisha kosa tulilofundishwa wengi. Silikanti si babu yetu. Na katika samaki walio hai, aliye karibu zaidi nasi si yeye, ni kamongo, yule anayevuta hewa na kulala matopeni, ambaye ndugu zetu wa Ziwa Victoria humchoma na kumla. Silikanti ni mjomba wa mbali. Lakini mjomba huyo anayo mapafu yaliyosinyaa, yasiyofanya kazi, kama nyumba ya familia iliyohamwa zamani. Ukimtazama unaona njia ambayo miili yetu ilipita.

Tatu ndilo lililoninyima usingizi. Zamani wataalamu walidhani silikanti huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliyachunguza upya magamba ya silikanti 27 wa Komoro kwa mwanga maalumu, wakaona mistari myembamba ya miaka ambayo haikuonekana mwanzo. Mmoja alikuwa na miaka 84. Wakakadiria kwamba samaki huyu huweza kufika karibu miaka 100, kwamba jike hupevuka akiwa na zaidi ya miaka 50, na kwamba hubeba mimba kwa muda wa miaka kama 5. Hatagi mayai, huzaa watoto kamili. Jike aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni.

Piga hesabu nami, msomaji. Chukua jike wa miaka 50 aliyenaswa kwenye jarife mwaka 2005. Huyo alizaliwa mwaka mmoja baada ya TANU kuanzishwa. Alipita chini ya ukoloni, uhuru, Azimio la Arusha, vita vya Kagera, vyama vingi, akiwa bado hajazaa hata mara moja. Usiku mmoja tu akaisha. Samaki kama dagaa ukimvua leo, mwakani wapo wengine. Huyu ukimwondoa, nafasi yake itajazwa na mjukuu wa mjukuu wako, kama itajazwa.

Na hilo hatukulijua tulipokuwa tukiwavuta. Tulijua mwaka 2021, kwa sababu kuna mtu alikaa na darubini akihesabu mistari kwenye gamba la samaki asiyeliwa. Ndiyo sayansi "isiyo na faida".

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Faida ya kujua haiji siku ile unapouliza. Upepo wa jua ulipimwa Ngomeni, faida ikaonekana taa zilipozimika Quebec. Silikanti amechunguzwa, na tayari ametuambia mkono ulitoka wapi na kosa letu ni lipi. Atakachotuambia kesho hatukijui, lakini mfu hasemi.

Naandika haya wakati pwani yetu ina shughuli nyingi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bandari mpya Mwambani, upande ule ule wa hifadhi. Baruti imetupasulia miamba kwa miongo. Sisemi tusijenge, watoto wa Tanga wanahitaji kazi. Nasema kila mkandarasi ajue kwamba chini ya mteremko ule kuna wazee wa miaka 80 ambao hawajui kuhama.

Tena nina neno kwa wasomi. Kila utafiti wa silikanti wa Tanga nilioutaja ulianza na mvuvi, wavu na usiku wa kazi. Jina la mvuvi wa Nzuani tunalijua kwa sababu kulikuwa na zawadi. Majina ya wavuvi wa Kigombe tunayajua wangapi? Na vijana wetu wanaosoma baiolojia hapa Tanga, ni wangapi wamepewa nafasi ya kumgusa huyo samaki, licha ya kumchunguza?

Nilirudi Deep Sea wiki iliyopita. Nikamkuta mzee mahali pale pale, nikamsimulia yote, mkono, magamba, mimba ya miaka mitano. Alisikiliza kimya. Hapo kwenye mimba akatikisa kichwa, akasema, "Maskini, mtihani ule." Akashika sindano yake tena.

Kisha akaniuliza: "Haya, nimekubali. Nisipotega jarife kule chini, wanangu watakula nini mwezi huu?"

Hilo nalo ni swali la haki, na gamba la samaki halina jibu lake. Jibu lake liko kwetu: serikali, hifadhi, watafiti wanaokuja na kuondoka, na wewe unayesoma. Mwenye la kusema aseme, nami nitampelekea mzee.

Tuonane wiki ijayo, inshallah.